Maumivu ya kifua mlangoni: shajara ya mradi wa wauguzi katika hospitali ya wilaya

Mradi huu unaendeshwa na wauguzi wa hospitali ya wilaya moja ya pwani ya kusini mwa Tanzania, zaidi ya km 300 kutoka Dar es Salaam. Hatuna daktari bingwa wa moyo wala chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo. Wagonjwa wetu wanaohitaji huduma hiyo hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Tulichonacho ni mashine moja ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo), chumba cha dharura chenye vitanda vichache, wodi ya wanaume na ya wanawake, na wauguzi wa zamu. Naandika kila hatua inapokamilika, ili mwenzetu wa wilaya nyingine akitaka kuiga ajue palipotukwamisha kabla hajatoa pesa yake. Habari za wagonjwa nimezibadilisha ili mtu asitambulike.

## 12 Januari 2024: Tulipoanzia

Mshipa unaolisha moyo ukiziba ghafla, haipiti hata saa moja kabla nyama ya moyo haijaanza kufa, na kila saa inayoongezeka inakula sehemu nyingine. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inataka mwenye maumivu ya kifua apimwe ECG ndani ya dakika 10 tangu afike. Kwetu mgonjwa alianzia dirisha la kuandikisha, akaenda kwenye malipo au bima, akapanga foleni ya daktari, akapewa karatasi ya kipimo, halafu kazi ya kutafuta ufunguo ikaanza. Mashine ilikuwa kabatini, kabati lina kufuli, na ufunguo alikuwa nao mtu wa zamu ya asubuhi. Akishatoka saa tisa na nusu, moyo wa wilaya nzima unasubiri kesho.

Tulipitia rejista ya wagonjwa wa nje. Watu wa makamo na wazee waliokuja na maumivu ya kifua waliandikiwa vidonda vya tumbo, kichomi, presha au misuli. Huenda wengi wao walikuwa nayo hayo kweli. Ila bila ECG hakuna wa kuthibitisha wala wa kubisha.

Tulikubaliana mambo matatu tu: ECG ndani ya dakika 10, aspirini ya kutafuna kwa anayestahili bila kungoja foleni, na mgonjwa asiende nyumbani mikono mitupu bila maelezo. Mganga mfawidhi aliridhia kwa sharti kwamba tusiombe mtumishi wa ziada.

Mashine imetolewa kabatini, sasa iko juu ya toroli chumba cha dharura. Mtunza vifaa alihofia wizi. Tukaanzisha daftari la makabidhiano linalosainiwa kila zamu, akaridhika. Saa ya ukutani tumenunua kwa Sh 18,000, maana huwezi kupima dakika 10 kwa simu za watu saba, kila moja na saa yake.

## 30 Januari 2024: Kadi ya mlangoni, toleo la kwanza na la pili

Wazo la kadi ya kumtambua mgonjwa anapopokelewa tulilichukua kutoka idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, Moshi, ambako ilitumika katika kazi ya kuboresha huduma ya shambulio la moyo. Tuliandika ya kwetu.

Toleo la kwanza lilikuwa fupi: "Maumivu ya kifua? Mpeleke dharura." Halikufaa, kwa sababu mbili zinazovutana. Vijana wenye kikohozi wote walipelekwa dharura, toroli likawa halipumziki. Wakati huohuo mama mmoja mwenye kisukari, aliyekuja analalamika uchovu na jasho jembamba, alikaa kwenye benchi hadi mchana kwa sababu kifua hakikumuuma. Wanawake, wazee na wenye kisukari mara nyingi huja hivyo: pumzi inakata, kichefuchefu, taya linauma, mgongo unachoma kati ya mabega. Wengine husema kiungulia, na kiungulia hakiko kwenye kadi.

Toleo la pili lina sehemu mbili. Ya juu ni ya mtu wa miaka 30 na kuendelea mwenye maumivu, mzigo au kubanwa popote kuanzia kitovuni hadi tayani bila kuwa amejeruhiwa. Ya chini ni ya mwenye kisukari, presha au umri mkubwa anayetoka jasho, kukosa pumzi, kuzimia au kuchoka ghafla, hata kama hajataja kifua. Mmoja kati ya hao akitokea, karani haulizi bima. Anapiga kengele.

Jambo ambalo hatukulitegemea ni kwamba mtu muhimu kuliko wote hapa ni mlinzi wa geti. Yeye ndiye anayemwona baba akishuka bodaboda kajishika kifua na uso umemlowa. Tulimfundisha pamoja na makarani, na siku hizi ndiye anayetuletea wagonjwa kwa kiti cha magurudumu kabla kadi haijasomwa. Kadi tulizipitisha kwenye plastiki, Sh 2,000 kila moja. Za kwanza zilikuwa za karatasi tupu, zikaisha kwa jasho la mikono.

## 17 Februari 2024: ECG yenyewe

Nilidhani hatua hii itakuwa ya siku moja. Imekula mwezi.

Kupima ECG kila muuguzi anasema anajua. Tulipowaomba wenzetu wabandike elektrodi kwa mwenzao aliyejitolea, V1 na V2 (mbili za kwanza kati ya elektrodi sita za kifuani) zilipandishwa juu karibu na mtulinga, kila mtu kwa makadirio yake. Zikipanda hivyo, karatasi inaweza kuonyesha kana kwamba mgonjwa alishapata shambulio zamani, wakati hana kitu. Njia tuliyoshika ni hii: shuka na kidole kwenye mfupa wa kidari kutoka shimo la koo hadi ukutane na kinundu kinachokatiza. Ukitoka hapo kando unagusa ubavu wa pili, na chini yake ndiyo nafasi ya pili. Hesabu hadi nafasi ya nne. V1 kulia kwa kidari, V2 kushoto. V4 weka kwanza, nafasi ya tano, mstari wa katikati ya mtulinga, kisha V3 ikae kati ya V2 na V4. V5 na V6 zinafuata usawa uleule wa V4 kuelekea kwapani. Hazifuati ubavu unavyopinda. Kwa wanawake V4 inakaa chini ya titi, na muuguzi aliinue kwa mgongo wa mkono wake, baada ya kuomba ruhusa.

Kosa la pili lililokuwa likijirudia ni nyaya za mikono kubadilishana. Dalili yake ni rahisi: kwenye karatasi mstari wa I umepinduka chini chini na ule wa aVR umesimama juu. Ukiona hivyo, angalia mikono kabla hujamwita daktari.

Yaliyobaki ni ya mazingira. Joto la hapa linamfanya mgonjwa ateleze, kwa hiyo tunafuta ngozi kwa kitambaa kikavu kwanza, na toroli lina nyembe kwa wenye manyoya kifuani. Vifyonzo vya mpira vilikuwa vimekauka na havishiki, tukanunua vipya. Umeme ukikatika betri ya mashine ilikuwa inakufa baada ya mgonjwa mmoja, kwa sababu haikuwa ikichajiwa kabatini. Sasa inakaa kwenye soketi muda wote. Pazia limeshonwa na fundi wa hapa mtaani, kwa kuwa akina mama walikuwa wanakataa kufungua kifua chumba kikiwa wazi, na walikuwa na haki.

Karatasi ya mashine inafifia. Ya miezi michache ilikuwa imegeuka nyeupe ndani ya faili. Kila ECG sasa inapigwa picha mara moja kwa simu ya idara, bila jina, kwa namba ya faili na saa, kisha inarushwa kwa daktari wa zamu. Usiku hiyo imetuokolea dakika nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu oksijeni, desturi ilikuwa kumvisha barakoa kila mwenye maumivu ya kifua. Tumeacha. Oksijeni ya damu ikiwa chini ya asilimia 90 anapewa, juu ya hapo hapewi. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 6,000 na haukuona faida kwa wenye oksijeni ya kutosha. Mitungi yetu ni michache, na watoto wa nimonia wanaihitaji zaidi.

## 21 Machi 2024: Aspirini na mwezi wa Ramadhani

Trei ya maumivu ya kifua ina aspirini. Zetu ni za mg 75, kwa hiyo dozi ya kwanza ni vidonge vinne, na vinatafunwa. Kumeza kunachelewesha, hasa vile vyenye ganda. Wenye aleji ya aspirini au wanaotapika damu hawapewi.

Tabibu mmoja hakukubali. Hoja yake ilikuwa vidonda vya tumbo, ambavyo hapa kila mtu mzima anadai anavyo. Tulikaa naye na matokeo ya ISIS-2, utafiti wa 1988 wenye wagonjwa zaidi ya 17,000: aspirini peke yake ilipunguza vifo vya majuma matano ya mwanzo kwa takribani robo. Historia ya kiungulia si sawa na kuvuja damu sasa hivi. Alilegea, akatuwekea sharti la kuandika kila aliyepewa na kilichofuata. Sharti zuri, tumelibakiza.

Halafu Ramadhani ikaingia, na tukakutana na kitu ambacho hakuna mwongozo tuliousoma umekitaja. Mzee amelala kitandani, kifua kimembana, ECG imebadilika, muuguzi ananyoosha kiganja chenye vidonge vinne, na mzee anafumba mdomo. "Mwanangu, bado saa mbili tufuturu." Mwanawe wa kiume naye hajui amuunge mkono nani. Dada wa zamu, ambaye mwenyewe amefunga, alimwambia, "Babu, mgonjwa kapewa ruhusa na Mwenyezi Mungu, siku utalipa ukipona." Hakukubali mpaka tulipompigia simu imamu wa msikiti wa jirani, akazungumza naye mwenyewe kwenye spika. Dakika zilizopotea zilikuwa nyingi.

Tulimfuata imamu baada ya hapo. Alitangaza baada ya tarawehe kwamba mwenye maumivu makali ya kifua afungue na awahi hospitali, na alitoa idhini jina la msikiti litajwe na muuguzi pale inapohitajika. Paroko wa hapa naye tumemwomba aseme hayohayo kwa waumini wake wakati wa Kwaresima.

Kwa wagonjwa wa kliniki tulipanga upya saa za dawa. Za mara moja kwa siku zinanywewa futari. Za mara mbili, futari na daku. Dawa ya kukojoza tumeihamishia futari, maana akiinywa daku anashinda na kiu hadi anaitupa. Waliopata shambulio karibuni na wenye moyo uliochoka daktari amewashauri wasifunge. Baadhi wamefunga hivyohivyo. Hao tunawapima uzito na presha kila wiki bila kuwagombeza, kwa sababu tukiwagombeza hawaji.

## 18 Mei 2024: Barabara imekatika

Mpango wetu wote wa mgonjwa mzito ulikuwa sentensi moja: mpeleke Dar. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kilifika pwani, mvua zikabomoa barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, na sentensi hiyo ikafutika. Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea. Kwa mgonjwa wa moyo hiyo si njia.

Katika siku hizo aliletwa mfanyabiashara wa samaki wa makamo, mvutaji wa sigara. Alikwishachomwa sindano ya maumivu, diklofenaki, kwenye duka la dawa. Geti hadi ECG, ndani ya dakika 10. Mistari ya II, III na aVF imepanda: tatizo liko sehemu ya chini ya moyo. Presha 92/60.

Bango letu la ukutani lilisema maumivu ya kifua, kidonge cha nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, chini ya ulimi. Daktari kijana akaagiza hivyo. Muuguzi aliyekuwa na mashine alimwomba asubiri, akaihamisha elektrodi ya V4 upande wa kulia wa kifua, mahali palepale lakini kulia, akachapa tena. Ilipanda. Maana yake upande wa kulia wa moyo umeguswa, na upande huo unategemea damu inayorudi. Nitrogliserini ingeipunguza damu hiyo na presha ikaanguka chini kabisa. Badala yake alipewa maji ya mshipani, ml 250 kwa awamu, huku mapafu yakisikilizwa kila baada ya awamu. Presha ikapanda hadi 110.

Bango limetolewa. Jipya lina maswali matatu kabla ya nitrogliserini: namba ya juu ya presha iko chini ya 90 au inaelekea huko? ECG inaonyesha sehemu ya chini, na upande wa kulia umepimwa? Ametumia dawa ya nguvu za kiume? Swali la tatu lina habari yake, nitalirudia.

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hatukuwa nayo. Alipata aspirini, klopidogreli (kidonge kingine cha kuzuia damu isigande), sindano za kazi hiyohiyo, na uuguzi. Kwa siku tatu za mwanzo uuguzi ulikuwa ndiyo tiba yenyewe, kwa hiyo nauandika kwa urefu:

Kitanda kiwe mbele ya meza ya muuguzi. Wa kwetu tulikuwa tumempa kona tulivu, tukamhamisha baada ya saa moja. Vipimo kila dakika 15 saa ya kwanza, kisha kila nusu saa, kisha kila saa. Usiku wa pili mapigo yalishuka hadi 38 na akawa anasinzia kwa namna isiyo ya usingizi. Atropini, dawa ya kupandisha mapigo, ilikuwa kwenye trei, si famasi, ndiyo maana aliipata kwa wakati. Choo: bakuli la kitandani linamfanya mtu akamue kuliko kukaa, kwa hiyo tulimtafutia kiti cha choo kando ya kitanda, na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Sindano za msuli hapana, maana mwenye dawa za kuzuia damu kuganda anavia damu ndani. Na diklofenaki imeondolewa kabisa kwenye trei hii, haifai kwa moyo uliojeruhiwa.

Ndugu walijaa. Kumi na zaidi, kila mmoja anataka asikie sauti ya mgonjwa. Tulipojaribu kuwafukuza palizuka ugomvi uliompandisha mapigo kuliko wageni wenyewe. Kilichofaa ni kumteua shemeji yake mkubwa awe msemaji, tumpe taarifa yeye mara mbili kwa siku, awagawie wenzake nje chini ya mwembe. Wawili wawili wanaingia, wanasalimia, wanatoka.

Ametoka na miguu yake. Barabara ilipofunguka alipelekwa Dar, akawekewa stenti, kibomba kidogo cha kuuacha mshipa wazi.

## 6 Julai 2024: Streptokinasi, ombi ambalo halikufanikiwa, na lililofuata

Baada ya Mei tuliomba streptokinasi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Mfamasia alitupa jibu ambalo, kwa haki, lilikuwa la maana: ni ghali, wagonjwa ni wachache, itaisha muda rafuni na mkaguzi atamuuliza yeye. Ombi likarudi.

La pili tulilipeleka tofauti. Tulikubaliana na hospitali kubwa zaidi ya kanda kwamba chupa zinakaa kwetu kwenye jokofu, na zikibakiza miezi kadhaa kuisha muda zinarudishwa kwao zitumike, wanatupa nyingine. Hapo mfamasia akasaini. Kama wilaya yako ni ndogo, anza na makubaliano hayo, usianze na oda.

Karatasi ya ukaguzi inajazwa na muuguzi huku daktari akisoma ECG: amewahi kuvuja damu kichwani? Kiharusi ndani ya miezi sita? Upasuaji mkubwa au kuumia sana karibuni? Anatoka damu popote? Presha iko juu ya 180/110? Maumivu yanachana kuelekea mgongoni, na presha za mikono miwili zinatofautiana? Amewahi kupewa streptokinasi? Hilo la mwisho husahaulika. Mwili unaijengea kinga, haitolewi mara ya pili.

Dozi ni uniti milioni 1.5 kwenye ml 100 za maji ya chumvi, kwa dakika 30 hadi 60. Kabla haijaanza, mishipa miwili ifunguliwe, kwa sababu ikishaingia hutaki kuchoma tena.

## 25 Agosti 2024: Kwenda nyumbani

Mgonjwa wa mishipa ya moyo anapotoka wodini kazi ya muuguzi ndiyo kwanza inafika katikati. Tulikuwa tunampa kipeperushi. Kipeperushi cha kwanza kilikuwa na maneno mengi na picha ya moyo uliokatwa, na binti wa mgonjwa mmoja alituambia mama yake aliificha chini ya godoro kwa kuogopa.

Sasa ni karatasi moja ngumu. Kila dawa imebandikwa kidonge chake chenyewe kwa gundi ya plastiki, pembeni jua au mwezi, na kazi yake kwa maneno machache: hii inazuia damu isigande kwenye mshipa, hii inapunguza mafuta, hii inapumzisha moyo. Jina linaandikwa la dawa, si la kampuni. Hili lilikuja baada ya mgonjwa kunywa atovastatini, dawa ya kupunguza mafuta, mbili kwa wiki kadhaa, moja ya boksi la bluu na nyingine la njano, akiamini ni dawa tofauti.

Kukatisha dawa ndilo tatizo kubwa, na tulidhani ni ukaidi. Tulipoanza kupiga simu tukakuta mengine. Famasi ilikuwa inatoa za siku 14, na nauli ya kuja na kurudi ilizidi bei ya dawa. Mfamasia amekubali za mwezi kwa walio thabiti. Wengine waliacha kwa sababu wamepona, kwa maneno yao. Hao tunawaeleza kwamba maumivu yameondoka lakini mshipa uleule bado una kutu ndani. Vocha ya simu ni Sh 10,000 kwa mwezi, na kati ya gharama zote za mradi hii ndiyo ningeilinda hadi mwisho.

Vidonge vya chini ya ulimi vinakaa kwenye chupa yake ya kioo cheusi. Tulikuta vimefungwa kwenye karatasi, kwenye pochi, kwenye upindo wa kanga, vimekwisha nguvu. Mgonjwa anakaa chini kwanza, ndipo anaweka. Dakika tano maumivu yapo, anakuja hospitali, hangoji kumaliza chupa.

Na swali la nguvu za kiume. Likiulizwa na dada wa miaka 24 mbele ya mke, jibu ni hapana siku zote. Sasa linaulizwa na kaka wa zamu, faragha, na linaulizwa kwa majina ya mtaani: "Mzee, vidonge vya bluu? Vumbi la Kongo? Kitu chochote cha kuongeza?" Majibu yamebadilika sana. Sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya 48, nitrogliserini haitolewi. Vumbi hatujui limechanganywa na nini, kwa hiyo tunalihesabu kama vidonge.

Chakula tulikifundisha kwa mgonjwa, bila matokeo, mpaka tulipoona kwamba mgonjwa hapiki. Siku hizi anaitwa anayepika. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na kipande cha papa mkavu kinaweza kukimaliza peke yake. Bibi mmoja alisema waziwazi kwamba mchuzi bila papa si mchuzi, ni maji ya moto. Tulipatana: papa alowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, alowekwe tena, na sufuria isitiwe chumvi nyingine. Ndimu, tangawizi na pilipili ruksa. Tui zito mara moja moja, siku nyingine maharage bila nazi. Hatukumwambia mtu aache nazi. Pwani ya kusini hiyo ni kazi bure.

## 16 Novemba 2024: Msimu wa korosho

Watu wana pesa, barabara ina magari, wagonjwa wanafika mapema kuliko miezi mingine. Mama mkulima, mwenye kisukari, aliletwa na jasho na kutapika. Kifua hakikumuuma. Sehemu ya chini ya kadi ilimkamata, na ECG ilionyesha mshipa wa mbele ya moyo umeziba, kwenye saa ya nne tangu aanze kuugua. Maswali yote ya ukaguzi yalijibiwa hapana, streptokinasi ikaanza.

Katikati ya dripu presha ikaanguka hadi 84. Ni kawaida ya dawa hii, lakini mara ya kwanza mkono unatetemeka. Dripu ilisimamishwa, miguu ikainuliwa, maji yakaingizwa, presha ikarudi, dripu ikaendelea kwa mwendo wa polepole zaidi. ECG ya dakika 90: mistari iliyopanda imeshuka zaidi ya nusu. Fizi zilitoka damu kidogo. Sukari ilipimwa kila saa, na hilo lisingetokea kama mwenzetu wa kliniki ya kisukari asingekuwa zamu.

Mfanyabiashara wa samaki wa Mei naye tulimpigia simu ya mwezi. Akasema anaendelea vizuri, ila klopidogreli amesimamisha, anangojea kung'olewa jino, kaambiwa damu haitakata. Stenti yake haina hata mwaka, na kusimamisha ghafla kunaweza kuiziba. Aliambiwa arudie dawa siku ileile, daktari wa meno akaongea na Dar, jino likang'olewa dawa zikiendelea, akabana pamba muda mrefu zaidi ya kawaida. Tumeongeza kadi ndogo ya mfukoni: "Nina stenti. Usisimamishe dawa zangu bila kuuliza kliniki ya moyo," pamoja na tarehe ya kuwekwa. Kitengo cha meno na upasuaji wamepewa nakala.

## 22 Januari 2025: Gharama, na palipobaki

Pesa iliyotoka mwaka huu, mbali na dawa na vitendanishi vya hospitali: saa, kadi na plastiki, pazia, nyembe, vifyonzo vya ECG, karatasi za mashine, gundi, vocha. Vifyonzo na karatasi za mashine vilichukua zaidi ya nusu. Karatasi ukinunua roli mojamoja unaumia, na saizi isiyo yake inakwama. Tulitupa boksi zima kabla ya kuanza kupima upana kwa rula dukani.

Mchana dakika 10 tunazifikia mara nyingi. Usiku bado, hasa kati ya saa nane na kumi na moja, karani akiwa mmoja na mlinzi amepumzika. Tunajaribu kuweka kengele ya geti inayolia moja kwa moja chumba cha dharura. Fundi ameshavuta waya, swichi bado.

Vitendanishi vya troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo umejeruhiwa, viliisha Desemba na vimechelewa kuja. Tunapovikosa tunarudia ECG kila baada ya dakika 15 hadi 30 mgonjwa akiwa na maumivu, maana ya kwanza kuwa safi haimtoi mtu kwenye hatari.

Kilichotusumbua zaidi mwezi huu kiko nje ya geti. Mwalimu mstaafu alikaa siku mbili akitumia dawa za kiungulia alizopewa zahanati ya kijijini, akaletwa mapafu yamejaa maji, akafariki kabla ya asubuhi. Muuguzi wa zahanati ile hakuwa na kadi, hana ECG, na aspirini aliyonayo huwapa wenye homa na kichwa. Kuanzia Februari tunapeleka toleo la pili la kadi kwenye zahanati zote za wilaya, pamoja na vidonge vinne vya aspirini kwenye kimfuko kilichoandikwa dozi, na namba ya simu ya chumba cha dharura. Zahanati mbili za kisiwani zinahitaji mpango wa boti kwanza. Nitaandika tukishajua nani analipia mafuta.